Risasi Kwenye Damu

Tulimzika Mzee Makuru kwao Natta mwanzoni mwa kiangazi, na katika msiba ule mimi nilicheka. Waliokuwa karibu nami hawajasahau. Nilikuwa nimekaa na wanawake chini ya turubai tukichambua mchele, na nyuma yetu vijana waliotoka kuchimba kaburi walikuwa wanapumzika kwa uji. Mmoja wao, ambaye bila shaka alikuwa hajazaliwa wakati mambo yale yanatokea, alikuwa anawasimulia wenzake kama mtu aliyeyaona kwa macho. "Huyu mzee alikuwa chuma," alisema. "Majangili walimpiga risasi akiwa kazini porini, madaktari wakashindwa kuitoa. Ameishi nayo mwilini mpaka Mungu amemchukua." Mwenzake akauliza ilikuwa imekaa sehemu gani. "Kifuani. Ilikuwa inatembea. Siku za baridi inapanda mpaka begani." Hapo kicheko kilinitoka. Nilipoinua macho nikakutana na ya Mama Mugesi, mjane wa marehemu, naye akavuta ncha ya kanga akajifunika mdomo, mabega yakimcheza. Wanawake wengine walidhani analia, wakaanza kumbembeleza. Mimi hakuna aliyenibembeleza. Walinitazama kama mtu asiye na adabu, nikainamisha kichwa kwenye ungo wangu wa mchele, na kwa muda wote uliobaki wa asubuhi ile nikawa niko kwingine, katika mwaka mmoja wa ujana wangu, ndani ya chumba chenye dirisha lililozibwa kwa gunia.

Nilikuwa nimetoka Nyanungu, kule Tarime, na cheti cha ukerezaji, kazi ya kuchonga vyuma kwa mashine. Nyanungu watu wanafuga na kulima, na hakuna aliyekuwa na haja na msichana anayejua kukereza. Kambi moja ya watalii mbele ya Natta ilikuwa inatafuta fundi wa gereji, wakaniita, nikaenda. Baada ya muda mfupi meneja aliniambia nitamsaidia pia Mzee Makuru kwenye karakana ya bunduki. Kambi ilikuwa na walinzi waliotembea porini na wageni kwa miguu, na walinzi hao walibeba bunduki za zamani sana, za aina ambayo risasi zake za kiwandani zilikuwa adimu. Zile chache zilizopatikana ziliwekwa kwa ajili ya siku ya hatari. Za mazoezi zilitengenezwa hapohapo, kwa kibali, na mwenye kazi hiyo alikuwa Makuru, mlinzi mwenzao na mwalimu wao wa kulenga, Mnata mrefu mwenye sauti ya chini, Msabato asiyegusa hata togwa iliyolala.

Karakana ilikuwa chumba cha mawe nyuma ya jiko la wafanyakazi. Dirisha lake moja lilikuwa limezibwa kwa gunia kwa sababu ya nyani. Ukutani kulikuwa na kidirisha kidogo cha kupitishia sahani, na upande wa pili wa kidirisha hicho alikuwa Masanja, mpishi wetu, Msukuma aliyekuwa amechimba dhahabu upande wa Tarime kabla ya kuamua kwamba sufuria haziporomoki. Katikati ya chumba ilikuwapo meza ya mninga, nzito kama kitanda cha chifu. Juu ya meza hiyo Makuru aliyeyusha risasi, ile metali, kwenye sufuria nyeusi iliyokaa juu ya jiko la mkaa, akaimimina kwenye kalibu ya chuma, akafungua kalibu zikadondoka risasi, zile za bunduki, zikimeta kama samaki wadogo. Kiswahili kinatumia neno moja kwa vitu hivyo viwili. Nilikuwa nimelitumia maisha yangu yote bila kulishangaa, na mwaka ule ndio uliokuja kunionyesha shida yake. Mchana ulipofika Makuru alisogeza kalibu pembeni, Masanja akasukuma sahani kupitia kidirisha, tukala kwenye meza ileile: ugali wa udaga wa muhogo, dagaa, mlenda, siku nyingine maziwa mgando. Makuru hakupenda kutoka nje kwenda kunawa. Alijifuta kwa kitambaa, akainamisha kichwa akaomba, akala. Nami nikafanya kama yeye. Ugali wa Masanja ulikuwa mzuri mno, na chumba kile chenye harufu ya nta na moshi kilikuwa kimenipendeza tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa na maswali mengi, na mzee alikuwa mvumilivu. Nilimuuliza kwa nini kila risasi ina mifereji kiunoni. Akaniambia humo ndimo mafuta yanamokaa. Bila mafuta, risasi laini ikipita kwenye mtutu inaacha ngozi yake humo ndani, na baada ya muda mtutu unakuwa na utando, na bunduki inaanza kupiga inakotaka yenyewe. Nikamuuliza kwa nini baada ya kupaka mafuta anazipitisha tena kwenye pete ya chuma. Akasema zikitoka kwenye kalibu zinapishana kidogo, moja nene, moja nyembamba, na pete inazifanya ziwe ndugu. Alizipaka kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, akikandamiza mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe mpaka mfereji ujae, kisha akazigonga kwa nyundo ndogo ya mti zipite kwenye pete. Kidole kile kilikuwa kimegeuka rangi, kijivu kama wingu la mvua, na hakikutakata hata siku ya Sabato. "Miaka yote hii ni kidole tu, mzee?" nilimuuliza. Akacheka. "Kidole hakiishiwi vipuri."

Lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mwanzoni nilidhani ni uzee, ingawa hakuwa mzee hivyo. Risasi zilimponyoka, zikabingirika chini ya meza, nikaziokota. Mara nyingine alishika tumbo akasimamisha kazi, na mara nyingine alisahau kama ameshapaka kundi fulani au bado. Kwenye zoezi la walinzi la mwezi ule alikosa karatasi ya shabaha kabisa, yeye ambaye ndiye aliyewafundisha wote kulenga. Siku chache baadaye meneja wetu, Elibariki, kijana wa Moshi mwenye haraka lakini asiye mbaya, alirudi kutoka Arusha na maboksi matatu. Alikuwa amekubaliana na mwenye duka kwamba tujaribu vifaa vyote vya kupaka mafuta na kusawazisha risasi, tubaki na kimoja, vingine virudi. "Wewe ndiye umesomea vyuma, Bhoke," aliniambia mbele ya Makuru. "Chagua." Mchana uleule tukiwa mezani tulisikia sauti yake jikoni, upande wa pili wa kidirisha, akimwambia mtu ambaye sikumwona: "Mashine ikishafungwa, mzee atapumzika. Hata mkono haumtulii. Mimi naona anakunywa, anaficha tu kwa dini." Tonge langu lilisimama hewani. Makuru hakuinua uso. Alimega tonge, akachovya, akatafuna mpaka mwisho, kisha akaniambia taratibu, "Hujamaliza mboga yako, binti." Nikamaliza mboga yangu. Sijui chakula kingine chochote katika maisha yangu ninachokikumbuka kwa ladha kama kile.

Kwa hiyo nilipewa kazi ya kuchagua kitu kitakachomtoa kazini mtu niliyempenda, na jambo la ajabu ni kwamba kazi yenyewe ilinivutia kupita kiasi. Kama ningekuwa msichana wa leo labda ningeikataa. Wakati ule nilifungua maboksi kama mtu anayefungua zawadi. La kwanza lilikuwa na sinia bapa na kimrija chenye makali. Unapanga risasi wima kwenye sinia, unamimina nta iliyoyeyuka mpaka ifunike mifereji, inaganda, halafu unazikata moja moja kwa kimrija kama mtu anayekata maandazi. La pili lilikuwa na kopo la mafuta mazito kama asali na pete kadhaa. Unatia risasi kwenye kopo, unatikisa, unazianika, zikikauka unazisukuma kwenye pete. La tatu lilikuwa na mashine yenyewe, ya chuma cha kumimina, ya kufungwa mezani kwa bolti, ina mkono mrefu na tangi dogo la nta lenye skrubu juu. Unaweka risasi, unashusha mkono, risasi inazama ndani ya pete, nta inasukumwa kwenye mifereji kutoka pembeni, unainua mkono, risasi inapanda ikiwa imepakwa na kusawazishwa kwa tendo moja. Niliuinua na kuushusha mkono ule mara nyingi bila kuweka kitu, kwa raha tu ya kuusikia.

"Nayo inakula nta gani?" Makuru aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amekunja mikono kifuani ili isionekane. Nilifurahi kwamba ameuliza. Tulijaribu. Nta tupu ya nyuki wa Natta ilikuwa ngumu mno asubuhi, skrubu ikagoma. Tukaongeza mafuta ya ng'ombe niliyoletewa kutoka Nyanungu, ikapita vizuri asubuhi, lakini jua lilipokuwa kali ikaanza kuvuja chini ya pete na kudondoka mezani. Tukaongeza nta kidogo, tukapunguza mafuta, tukaweka vijidonge vya kila mchanganyiko juu ya bati la paa na kwenda kuvikagua kila baada ya kazi nyingine, tukiviminya kwa kidole. Yale mafuta ya koponi tuliyaacha mapema, kwa sababu vumbi la kiangazi liling'ang'ania kwenye risasi zilizoanikwa, na vumbi halitakiwi kwenye mtutu. Sinia lilinipendeza kwa usafi wake, ila risasi moja iliguswa na vidole mara nyingi kabla ya kuisha. Halafu mzee akanionyesha jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Alichukua kipande laini cha risasi, akakisukuma taratibu kwa ufito kupita ndani ya mtutu wa bunduki moja, kikatoka kimechorwa mistari. "Pima," alisema. Nilipima. Mtutu ulikuwa umelika kwa miaka mingi, umekuwa mpana kuliko pete zote zilizokuja ndani ya maboksi. Yaani kifaa chochote ambacho ningechagua kingetoa risasi nzuri, zimepakwa vizuri, zote ndugu, na zote nyembamba mno kwa bunduki zetu. Nilikaa kwenye mashine ya kukereza ya gereji, nikaipanua pete moja kidogo kidogo, nikiipima kila baada ya mguso, naye akisimama mlangoni akinitazama. Nilipomaliza aliipokea akaitia jicho dhidi ya mwanga. "Nyie wa Tarime," alisema, "mimi nilidhani mnajua ng'ombe tu."

Ulipofika wakati wa mavuno Makuru alikwenda kwake kuvuna mtama. Nilibaki peke yangu na mashine, na maswali yangu hayakuwa na mtu wa kuyapokea. Aliporudi nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba na kuninyooshea mkono, na mkono ule ulikuwa umetulia. Haukuwa umetulia kabisa, lakini nilikuwa nimeushika mara nyingi, nilijua tofauti. Alikuwa amenenepa usoni. Tumbo, alisema, halikumsumbua shambani hata mara moja. Mkewe alikuwa na maelezo yake, kwamba kuna mtu kambini anayemroga, ndiyo maana akiwa nyumbani ni mzima. Mimi nilimtazama akirudi mezani, akiwasha jiko la mkaa, akiyeyusha, na kabla mwezi haujaisha kikombe chake cha chai kilikuwa kinagonga kisahani tena. Jambo lile lilinikaa kichwani kama sauti ya bomba linalodondoka. Nilikuwa na mazoea ya kufikiri juu ya mashine. Mashine ikitetemeka hapa na kutulia pale, unauliza kuna nini hapa ambacho pale hakipo.

Aliyenisukuma mbele ni Masanja, tena bila kukusudia. Alikuwa anapitisha sahani, akaona mkono wa Makuru ukiipokea, naye baadaye mzee alipotoka akaniambia kupitia kidirisha, "Dada Bhoke, mikono ya namna hii niliiona sana kule mashimoni. Wale wanaochoma dhahabu. Unachoma zebaki iondoke ibaki dhahabu, moshi wake unauvuta. Jamaa yangu mmoja alifika mahali hawezi kufunga kifungo cha shati." Nikamuuliza kama wale watu walipona. "Walioacha, wengine walipona," alisema, akarudi kwenye sufuria zake. Makuru hakuwa na zebaki. Lakini nilitazama ile sufuria nyeusi juu ya jiko, gunia dirishani, kidole cha kijivu, na sahani zetu mbili juu ya meza, na ile hamu yangu ya kujua, ambayo siku zote ilikuwa kitu cha kufurahisha, kwa mara ya kwanza ilinitia baridi.

Kumpeleka hospitali Mugumu kulikuwa kazi. Alikuwa na mashaka na madaktari na hakupenda kusemwa. Nilimwambia meneja kwamba kama anaamini mzee anakunywa, hospitali itamwambia ukweli, na Elibariki, ambaye kwa kweli alipenda ukweli, akatupa gari. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimpima mapigo, akamwambia anyooshe mikono. "Unafanya kazi gani, mzee?" Makuru akajibu, "Mlinzi." Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nikasema, "Samahani daktari, ni mlinzi, lakini kila siku anayeyusha risasi." Daktari akaacha kuandika. Akauliza chumba kikoje, dirisha likoje, tunanawa wapi, tunakula wapi. Kila nilipojibu alitikisa kichwa kidogo, si kwa kunilaumu, bali kama mtu anayeona barabara anayoijua. Damu ikachukuliwa ikapelekwa Mwanza. Majibu yalipokuja aliongea na kambi kwa simu ya upepo, ile ya redio inayosikika jiko zima, na alichosema ni hiki: "Mzee Makuru ana risasi nyingi kwenye damu."

Ndivyo ile hadithi ilivyozaliwa. Mpaka jioni ilipofika kambi nzima ilikuwa na habari kwamba Mzee Makuru ana risasi mwilini. Walinzi vijana walianza kukumbuka mapambano na majangili ambayo sikuwahi kuyasikia kabla. Mmoja alikuja karakana akamwomba mzee amwonyeshe kovu. Masanja alimpikia supu ya kongoro bila kuombwa. Mama Mugesi alifika kutoka Natta akilia njia nzima, akamshika mumewe huku na huku akitafuta tundu, na Makuru, ambaye tangu nimjue sikuwahi kumwona akicheka mpaka machozi, alicheka mpaka akaketi chini. "Si ya bunduki, mama," alimwambia. "Ni ile ya sufuriani. Nimekuwa naila." Alipoelewa, mama yule aliitazama ile meza ya mninga, na sahani zilizokuwa juu yake, kwa hasira ambayo sijawahi kuona mtu akiielekeza kwa samani.

Daktari alikuwa amesema asiiguse tena, wala asikae chumbani humo inapoyeyushwa. Kwa hiyo sasa uchaguzi wa vifaa haukuwa tena suala la kasi wala la unadhifu. Niliuangalia upya kwa swali moja: ni kipi kinachoiweka metali ile mbali na mikono na midomo yetu? Nilichagua mashine ya mkono mrefu, kwa sababu risasi inaguswa kidogo tu, tena kwa glavu. Lakini nilimwambia Elibariki kwamba mashine peke yake ni nusu ya kifaa. Nusu nyingine ni banda lisilo na kuta, upande ambao upepo hautoki kwenda jikoni, ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, na nguo za kazi zisizovaliwa kwenda kula. Alisikiliza akikuna kidevu. "Na mzee?" aliuliza. Nikasema mzee ndiye anayejua mitutu. Mtu wa kuyeyusha anaweza kupatikana, lakini mtu wa kutazama tundu kwenye karatasi akakwambia pete imelika hapatikani Arusha. Elibariki alifikiri. Alisema kabla ya wageni wa msimu kuja kutakuwa na jaribio la walinzi wote, na Makuru akipiga vizuri kama wengine, atabaki kuwa mwalimu wao. Akishindwa, basi. Niliona ni haki, na Makuru naye aliona ni haki.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha. Banda lilisimama, nikawa nayeyusha mimi, napaka na kusawazisha kwa mashine, na Makuru alikaa mbali chini ya kivuli akipokea bunduki, akizijaribu uwanjani na kuniletea taarifa. Alirudi na karatasi za shabaha akizitandaza majanini, akaniuliza maswali kama nilivyokuwa nikimuuliza yeye. Kwa nini hizi zimetawanyika kwenda kulia? Nta ya jana ilikuwa na mafuta zaidi? Mikono yake ilitulia wiki baada ya wiki. Siku moja nilimwona anatunga uzi kwenye sindano ili ashone mkoba wake, bila kujua natazama, na uzi ukaingia mara ya kwanza. Wiki moja kabla ya jaribio alipiga karatasi ikachanika katikati kama imeliwa na panya. Aliikunja akaitia mfukoni.

Kitu kimoja tu kiliharibu siku zile, nacho ni kwamba alianza kunisumbua. "Na wewe?" aliniuliza. Na mimi nini? "Damu yako. Tulikula meza moja." Nilimwambia sijambo, mikono yangu haitetemeki, tumbo halinisumbui. Alirudia kesho yake. Nikamwambia nitakwenda baada ya msimu. Akarudia tena, nikakasirika kidogo, kwa heshima. Nilikuwa na majibu ya kila namna, na ninapoyakumbuka leo naona jambo la kushangaza: mimi niliyepima mtutu, nta, pete, na mkono wa mzee, sikutaka kabisa kujua habari ya mwili wangu. Nilikuwa na mchumba wakati ule. Tulikuwa tunaongea habari za watoto. Nadhani ndiyo sababu.

Asubuhi moja Makuru alikuja bandani kabla sijawasha jiko. Gari la kambi lilikuwa linakwenda Mugumu kuchukua vyakula, injini ikinguruma. "Panda," alisema. Nikaanza kueleza. Akasema, "Bhoke, mwanangu, mimi ulinipeleka sikutaka. Panda gari." Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Nilivua ovaroli nikapanda, naye akapanda nyuma yangu. Njiani aliniambia habari za mizinga yake ya nyuki, jinsi ya kujua mzinga mtupu kwa kuugonga. Hospitali tulikaa kwenye benchi muda mrefu, akanunua ndizi mbivu, tukanawa bombani tukala. Yule daktari mwenye miwani alichukua damu yangu akasema majibu yatachelewa kama yale ya kwanza. Tukarudi jua likiwa linaelekea kuzama.

Uwanja wa shabaha uko kando ya njia ya kuingilia kambini. Nilipouona kupitia kioo nilifikiri nimekosea. Vigingi vya karatasi vilikuwa vimesimamishwa vyote, karatasi zimetobolewa, na walinzi walikuwa wanaokota maganda. Masanja alikuja mbio kwenye gari. "Mzee, ulikuwa wapi? Wageni wanakuja mapema, bosi aliwatangazia walinzi jana jioni kwamba jaribio ni leo. Amekutafuta, ukawa hupo. Amemchukua mlinzi mwingine awe mwalimu." Nilimgeukia Makuru. Alikuwa anashuka taratibu, ameshika begani ule mkoba wake alioushona mwenyewe. Uso wake haukuwa na mshangao wowote. Nilimkimbilia Elibariki, nikamweleza, naye alisikitika kwa dhati, lakini nafasi ilikuwa imeshaandikwa na kupelekwa makao makuu, na mlinzi yule alikuwa amepiga vizuri. Makuru alifungasha vitu vyake wiki ileile. Aliniachia nyundo ya mti na kile kiti.

Majibu yangu yalipokuja niliyapeleka Natta kwa miguu, ingawa ningeweza kungoja gari. Nilimkuta uani anakata kamba ya ngozi kwa kisu, vipande vyembamba, vyote sawa. Mama Mugesi akaniletea kigoda. Nilimwambia kwamba risasi imo, lakini ni kidogo. Daktari anasema itashuka nikiendelea kujilinda, na kwamba nisiwe na haraka ya kuzaa, ningoje damu isafike. Nilingoja kweli, nikaacha kuyeyusha, nikarudi kwenye gereji, na watoto walikuja kwa wakati wao, wazima. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Siku ile nilijua jambo moja tu, na nilimuuliza waziwazi kwa nini alipanda gari ilhali alisikia tangazo. Alikata kipande kingine cha kamba kabla ya kujibu.

"Ile karatasi nilishaipiga wiki moja kabla," alisema. "Nilijua naiweza. Habari yako ndiyo nilikuwa siijui."